Hilux haichanganyi na inakula dizeli: tatizo ni pampu, injini au dereva?

Mzee fundi, shikamoo.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa viazi mviringo hapa Makambako. Nina Hilux ya zamani ya miaka ya tisini, dizeli, injini aina ya 3L, niliyoinunua Dar es Salaam mwaka juzi. Kabla sijaipandisha huku, fundi wa kule aliifungua pampu ya dizeli, akasema ameiongeza kidogo ili gari lipate nguvu ya mzigo. Kweli lilivuta vizuri, ingawa tulipofika huku moshi kidogo ulikuwepo tangu siku za mwanzo.

Sasa imefika kama miezi minane gari limebadilika. Vilima ambavyo dereva alikuwa akivipanda na gia ya tatu, sasa anarudi ya pili na bado linajikongoja. Ukikanyaga mafuta linanguruma tu, halichanganyi, na nyuma linaacha moshi mweusi mpaka watu wa bodaboda wanatupigia kelele. Kwenda Njombe kupakia na kurudi tulikuwa tunatumia lita 12. Siku hizi ni lita 16, na mzigo ni ule ule, gunia kumi za lumbesa.

Yaliyobadilika kwenye gari ni haya. Matairi ya 205R16 yalikwisha, tukapata ya mtumba ya 7.50R16, nikaambiwa ni imara zaidi kwa mzigo. Halafu kuna siku gari lilipata joto mlimani, fundi akatoa themostati, ile inayozuia maji ya injini yasipoe kupita kiasi, na tangu hapo mshale wa joto haufiki hata robo. Filta ya dizeli nimebadilisha. Ya hewa huwa inapulizwa na kompresa. Asubuhi gari linawaka mara moja, hata kwenye baridi ya Julai, na oili haipungui.

Fundi wa kwanza anasema noseli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Wa pili anataka kufungua pampu aiongeze tena. Wa tatu anasema injini imechoka, nitafute nyingine ya mtumba.

Linaloninyima usingizi ni dereva. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi naandika kila safari kwenye daftari, na Njombe na kurudi mita ilikuwa inaandika kilomita 120. Sasa inaandika 110, na njia ni ile ile. Watu sokoni wananiambia amechezea mita na ananyonya mafuta. Nilipomuuliza alilia. Sitaki kumfukuza mtoto wa dada yangu bila kosa, wala sitaki kuibiwa. Nifanye nini?

Mama wa Viazi, Makambako

---

Marahaba, mwanangu.

Naanza na kijana, kwa sababu gari linaweza kusubiri wiki moja lakini yeye asisubiri. Mita haijachezewa. Zile kilomita 110 zimeletwa na matairi.

Mita ya gari haioni barabara. Inahesabu mizunguko tu, na iliundwa ikijua ukubwa wa tairi lililotoka kiwandani. Tairi la 205R16 lina kipenyo cha sentimita 74 hivi. La 7.50R16 linapita 80. Tofauti hiyo ni karibu asilimia 9. Tairi kubwa likizunguka mara moja gari linasogea mbali zaidi, lakini mita inaandika umbali ule ule wa zamani. Chukua kilomita zako 120 za Njombe na kurudi, gawa kwa 1.09, utapata 110. Hiyo ndiyo namba iliyo kwenye daftari lako. Mtu anayechezea mita ili aibe hapati hesabu safi namna hiyo safari baada ya safari.

Kama unataka kuona kwa macho yako, chora alama ya chaki pembeni mwa tairi pale linapogusa chini, weka alama nyingine kwenye sakafu, kisha sukumeni gari polepole mpaka alama ya tairi irudi chini. Pima kwa futi ya fundi seremala. Tairi la zamani lingekupa karibu mita 2.3. Hili litakupa karibu mita 2.5. Fanya hivyo kijana akiwepo, na hao wa sokoni nao wawepo kama wapo tayari kuinama. Mwambie pia kwamba spidi nayo inadanganya: mshale ukisema 80, gari liko kwenye 87. Kwa mzigo wa lumbesa hilo si jambo dogo, na tochi ya trafiki haitasikiliza habari za matairi.

Kwa hiyo acha kwanza kuhesabu kilomita kwa lita, maana nusu ya hesabu hiyo imeharibika. Hesabu lita kwa safari. Hapo daftari lako linasema kweli: kutoka 12 hadi 16 kwa njia moja na mzigo mmoja ni ongezeko la theluthi nzima, na si la mita. Je, lita hizo nne zinanyonywa? Sijakaa kwenye gari lako, lakini barua yako ina ushahidi unaoelekea kwingine. Gari linalonyonywa mafuta usiku halipotezi nguvu mlimani mchana, wala halitoi moshi mweusi. Gari lako linakula kweli. Ili jambo hili liishe, panda mwenyewe safari moja. Jazeni fulu tangi asubuhi, pampu ikijikata mara ya kwanza basi, msifukuzie povu. Nendeni Njombe, pakieni, rudini moja kwa moja kwenye kituo kile kile na pampu ile ile, jazeni tena kwa namna ile ile. Lita zinazoingia ndizo gari lilizotumia mbele ya macho yako. Zikiwa 16, kijana huna la kumdai, na ni haki yake kuambiwa hivyo mbele ya waliomsema.

Sasa tuje kwenye gari.

Matairi hayo hayo yamekula nguvu. Ukubwa unaoongeza mwendo kwa kila mzunguko unapunguza msukumo kwa kiasi hicho hicho, kwa kila gia. Gia ya tatu yenye matairi haya si gia ya tatu aliyoizoea dereva wako, ni nzito zaidi kwa karibu asilimia 9. Barabara ya tambarare huoni. Kilima chenye gunia kumi za lumbesa kinakuonyesha vizuri, maana lumbesa moja inapita kilo mia, na Hilux hiyo imetengenezwa kwa mzigo wa tani moja hivi. Ulikuwa ukingoni tangu zamani, matairi yamekuvusha ukingo. Ushauri wangu ni kurudi kwenye 205R16 yenye herufi C mwishoni, ambayo ni tairi la mzigo. Uimara wa 7.50 unafaa gari lenye injini ya kulizungusha.

Lakini matairi peke yake hayatoi moshi mweusi mzito. Moshi mweusi maana yake ni moja: ndani ya silinda kuna dizeli nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Ni mafuta uliyoyalipia yanatoka bombani yakiwa masizi. Ndiyo maana simwelewi fundi wako wa pili. Gari linalokosa dizeli, kwa filta kuziba au mpira kuvuta hewa, hukosa nguvu bila moshi. La kwako lina dizeli ya kutosha na kubaki. Ukiiongeza pampu tena utapata moshi zaidi, joto zaidi kichwani mwa injini, na nguvu ile ile. Usimruhusu.

Tazama pampu ilikosetiwa na gari linakofanyia kazi. Dar ni usawa wa bahari. Makambako iko juu ya mita 1,600, na Njombe inakaribia mita 2,000. Kwenye kimo cha Njombe hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar. Injini ya 3L haina tabo ya kuisukumia hewa, inavuta iliyopo tu. Fundi wa Dar aliiongeza pampu kwa hewa ya Dar, na pale pengine moshi haukuonekana. Ulipopanda nalo Nyanda za Juu, dizeli ilibaki ile ile na hewa ikapungua. Moshi kidogo uliouona siku za mwanzo ulikuwa unakuambia hivyo. Kilichoongezeka miezi hii minane ni vitu vingine vilivyoipunguzia injini hewa na joto, na kuizidishia kazi.

Hewa ipunguzwe na nini? Naishuku sana filta. Ya karatasi haitakiwi kupulizwa na kompresa kila wiki. Upepo ule wa nguvu unatoboa karatasi kwa matundu madogo usiyoyaona, na vumbi laini zaidi linabaki limenata ndani ya nyuzi. Itoe, iingize taa ya simu katikati, izungushe gizani. Mwanga ukipita kama nukta kali, imetoboka na vumbi linakwenda kwenye ringi za pistoni. Mwanga usipopita kabisa, imeziba. Vyovyote itakavyokuwa, nunua mpya, ni bei ndogo kuliko lita unazopoteza kwa wiki. Wakati boksi liko wazi, fuata njia yote ya hewa kwa mkono. Nimewahi kukuta kitambaa cha kufutia kimesahaulika kwenye mdomo wa kuvutia hewa, na nimekuta pia kiota cha panya kilichojaa maganda ya mahindi. Mpira mnene unaotoka kwenye boksi kwenda injini uuminye: ukiwa umelegea, unanywea kwa ndani injini inapovuta kwa nguvu, yaani mlimani hasa, na ukisimama kuukagua unaukuta umerudi sawa. Mtu akanyage mafuta gari likiwa limesimama, wewe uutazame.

Themostati irudishwe. Najua mafundi wengi wanaitoa, na mshale ukikaa chini mwenye gari anafurahi akidhani injini imepona. Injini ya dizeli inataka joto la nyuzi 80 na ushee ili iunguze mafuta vizuri. Ikikaa na ubaridi, hasa kwa hali ya hewa ya kwenu, dizeli inaungua nusu nusu, oili inabaki nzito, na silinda zinalika haraka. Sehemu ya lita zako inapotelea hapo. Isitoshe, kwenye injini nyingi za Toyota themostati ikishaota moto hufunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, maji mengine yanazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na siku ya mlima mkali gari linaweza kuchemka kwa sababu hiyo hiyo.

Hapa nina wasiwasi na jambo ambalo hukuliandika: ile siku lilipopata joto, chanzo kilikuwa nini? Kutoa themostati hakukujibu swali. Usiirudishe kabla rejeta haijakaguliwa kama imeziba, mfuniko wake kama unabana, na feni kama inashika injini ikiwa ya moto. Injini hizi za ukoo wa L, kama 3L yako, zina udhaifu unaojulikana wa silinda hedi kupasuka zikichemka. Pampu iliyoongezwa kupita kiasi nayo huongeza joto mlimani, kwa hiyo huenda kosa la Dar ndilo lililokuletea joto hilo.

Kuna vitu vya kukagua bila kununua chochote, na ningetaka vikaguliwe kabla ya spana kugusa pampu. Mtu akanyage pedeli mpaka mwisho huku mwingine anatazama mkono wa pampu: unagonga skrubu yake ya mwisho au unabaki njiani? Waya uliolegea, hata kapeti iliyojikunja chini ya pedeli, huiba nguvu na hakuna anayeiwazia. Baada ya safari isiyo na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na kila ringi ya tairi bila kuishika. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inabana. Za nyuma ndizo zinazosumbua, kwa sababu waya wa handbreki unajaa tope, unapata kutu na haurudi. Piga jeki, weka stendi, zungusha kwa mkono. Klachi nayo: kwenye tambarare, gia ya nne, mwendo wa 40, kanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikipiga kelele juu na gari lisifuate, klachi inateleza. Upepo wa matairi upimwe yakiwa baridi. Na kama gari ni four-wheel, hakikisheni halitembei lamini likiwa limefungwa gia ya mbele.

Mafuta mnanunua kituoni au kwenye madumu? Kama ni madumu, acheni. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa umezidi, na dumu la kando ya barabara halipimwi na mtu. Pampu ya gari lako haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani. Ikipitishiwa mafuta ya taa, inasagika.

Fundi wako wa kwanza, wa noseli, simkatai. Noseli iliyochoka haitoi ukungu, inatema matone kama kopo la dawa ya mbu linaloishia, na matone hayaungui yakaisha. Hilo nalo linaleta moshi mweusi na ulaji. Uzuri ni kwamba noseli zinatolewa na kupimwa kwenye mashine bila kuigusa pampu, na unaziona mwenyewe zikipuliza. Omba uone zote nne, moja moja. Simama mbali, na mtu yeyote asiweke kidole mbele ya noseli inayopulizwa. Dizeli ya shinikizo lile inapenya ngozi, na kidole kilichoingiwa namna hiyo ni cha kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo hata kama hakiumi.

Wa tatu ndiye ninayempinga wazi. Injini ya dizeli iliyokwisha ringi na pistoni haiwaki mara moja kwenye asubuhi ya Julai ya Makambako. Inasumbua, inatoa moshi mweupe wenye harufu kali, inapumua kwa nguvu ukifungua mfuniko wa oili, na inakula oili. Yako haifanyi hata moja ya hayo, kwa maelezo yako. Kabla hujatoa hela ya injini ya mtumba ambayo nayo hujui ilikotoka, lipia kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Geji inafungwa kwenye matundu ya plagi za moto, silinda moja baada ya nyingine, injini ikiwa na joto lake. Kwa 3L isiyochoka, kila silinda inatoa bar 31 hivi, kiwango cha chini kinachokubalika ni karibu bar 20, na tofauti kati ya silinda isizidi bar 5. Fundi akuandikie namba nne kwenye karatasi. Asipokuwa na geji, maneno yake kwamba injini imechoka ni ya kukisia.

Muulize pia yeyote aliyewahi kuligusa: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? Mkanda huo ndio unaoizungusha pampu. Ukiruka jino moja, au ukifungwa bila alama kukaa sawa, dizeli inaingia kwa wakati mbaya na nguvu inapotea. Kama hakuna anayejua, badilisha. Kawaida yake ni kila kilomita 100,000, na kwako kilomita hizo zihesabiwe na ile asilimia 9.

Ningekuwa mimi, wiki hii ningenunua filta ya hewa, ningekagua breki, klachi, pedeli na rejeta, halafu themostati. Matairi yakifuata, ningerudia safari ya Njombe na kupima lita upya. Noseli zingepimwa baada ya hapo, kompresheni ikiwa bado kuna shaka. Usibadilishe vitu vitatu siku moja, hutajua kipi kilisaidia na fundi atakuambia ni kile cha bei kubwa.

Pampu inabaki ya mwisho, na nadhani utaifikia, kwa sababu iliongezwa mahali pasipofaa. Isifunguliwe chini ya mwembe. Ipelekwe Mbeya au Iringa kwa fundi mwenye mashine ya kupimia pampu, na umwambie maneno haya: gari linafanya kazi kati ya mita 1,600 na 2,000, halina tabo, nataka dizeli ipunguzwe mpaka moshi mweusi uishe likiwa na mzigo kwenye kilima. Akuandikie vipimo alivyovikuta na alivyoviacha. Akikataa kukuandikia, chukua pampu yako uende kwa mwingine.